Sare Elfu Mbili

Sindano ya cherehani ilipoingia kidoleni mwa Nuria, mama yake alikuwa hatua kumi tu kutoka kwake, amekaa mkekani pamoja na wanawake wengine, anamalizia tundu la mwisho la kifungo kwenye shati. Alisikia mlio wa cherehani ukikatika ghafla. Kisha akasikia sauti: "Mama!"

Ndani ya lile godauni la mabati, pembezoni mwa mji wa Garsen, walikuwamo watoto kumi na sita na wanawake tisa, na haikupita siku bila mtoto kumwita mama yake. Huyu kakatwa na mkasi, yule kaunguzwa na pasi ya makaa, mwingine kasinzia akaanguka kutoka kwenye kigoda. Wanawake walikuwa wamejifunza kutoinua vichwa ovyo, kwa sababu shati lililoachwa katikati lilihesabiwa limeharibika. Lakini Mumina aliijua sauti ile. Aliijua, na bado akachoma sindano yake mara ya nne, ya tano, ya sita, akavuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno. Ndipo aliposimama.

Nuria alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa ameganda kwenye kigoda chake, mkono wa kushoto umenasa chini ya mguu wa cherehani. Sindano ilikuwa imepita katikati ya ukucha wa kidole cha shahada. Msimamizi wao, Fartun, mwanamke wa makamo mwenye mwili mzito na pumzi fupi, alikuwa amekwisha fika. Alilishika gurudumu la cherehani akaligeuza kinyume, taratibu, mpaka kidole kikatoka. Sindano iliyobaki kwenye cherehani ilikuwa nusu.

"Nusu nyingine iko wapi?" Fartun aliuliza.

Akaichukua sketi iliyokuwa inashonwa, akaipapasa pindo zima, akaikung'uta, akawaambia watoto wawili wainame watafute sakafuni. Mwezi uliopita mkaguzi wa shirika lililoagiza sare alikuta pini kwenye kola ya shati, na dazeni nzima ikarudishwa.

"Ikienda na sare, itachoma mtoto wa watu," Fartun alisema. "Tafuteni vizuri."

Mumina alikuwa amemshika mwanawe begani. "Labda imo ndani," alisema kwa sauti ndogo.

"Ndani wapi?"

"Ndani ya kidole."

Fartun akakitazama kidole kwa mara ya kwanza. Akachana ukanda wa kitambaa cha buluu, akakizungushia mara tatu, akakaza. "Kaa hapa kando, ukate nyuzi," alimwambia Nuria, bila ukali. "Mkono wa kulia mzima, sivyo?" Kisha akamgeukia Mumina. "Hii sketi iko na damu. Loweka na chumvi haraka. Ikikauka haitoki."

Mumina akaenda kuiloweka.

Sare hizo zilikuwa elfu mbili kwa jumla, sketi na kaptura za buluu na mashati meupe. Shirika la msaada lilikuwa limeziagiza kwa ajili ya watoto ambao mafuriko ya El Niño yaliwafagilia nyumba, zigawiwe bure shule zitakapofunguliwa Januari ya mwaka wa tisini na tisa. Jairus, mwenye godauni, ndiye aliyeipata kazi ya kuzishona. Nuria mwenyewe alikuwa mmoja wa watoto hao. Maji yaliondoka na nyumba yao, na maradhi yaliyokuja nyuma ya maji yakaondoka na ng'ombe wote wa baba yake isipokuwa wawili, na hao wawili wakauzwa. Lau angekuwa bado darasani angepata sketi moja na shati moja. Jambo hilo hakuna aliyelitamka pale godauni. Si kwamba hawakuliona. Lilikuwa tu halina faida.

* * *

Siku ya tatu kidole kilikuwa kimejaa, cheusi kuzunguka ukucha, na mtoto alikuwa na tezi kwapani. Mumina akaomba ruhusa ya asubuhi moja, akampeleka zahanati. Walipanga foleni tangu mapema mpaka jua likawatoa kivulini mara mbili. Mhudumu alikuwa kijana mpole ambaye watu wote walimwita daktari ingawa yeye mwenyewe alikataa jina hilo. Aliufungua ule ukanda wa buluu, akanusa, akachukua kadi.

"Aliumia wapi mtoto huyu?"

Mumina akafungua mdomo. Hakuna aliyekuwa amemfundisha jibu. Fartun hakuwa amemtisha, wala Jairus hakuwa ametuma mtu. Jibu lilitoka lenyewe.

"Nyumbani."

"Na sindano ya aina gani?"

"Ya kushonea."

Mhudumu akaandika. Nuria alimtazama mama yake, halafu akaitazama kadi. Yeye alijua kusoma.

"Inaonekana kuna kipande cha chuma kimeshika mfupa," mhudumu alisema. "Mimi hapa nina vidonge na spiriti. Mpeleke hospitali ya Hola, wampige picha. Na usingoje wiki, mama."

"Nauli sina."

Yule kijana akakuna kichwa kwa kalamu. "Hilo la nauli, mama, sina la kukuambia."

* * *

Duba, mume wa Mumina, alipoambiwa aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anafanya nini kwenye mashine?"

Kwa miezi mitano alikuwa akiwaona wakitoka pamoja asubuhi, mama na binti, wakirudi jioni na nyuzi nyeupe zimewaganda nguoni. Kwake yeye binti alikuwa akimfuata mama yake. Alijua zaidi ya hapo, ila alikuwa ameamua kutojua. Tangu ng'ombe waishe alikuwa amepunguza maneno, na kila siku ya mnada alikwenda sokoni akasimama kwenye ua wa mifugo na fimbo yake, mikono mitupu, akisikiliza bei.

Safari hii alisema, "Twende kwa mwenyewe."

Jairus aliwapokea kwa heshima. Alikuwa Mpokomo wa Kulesa, karani wa zamani, mtu wa sauti ya chini. Shamba lake la migomba lilikwenda na maji yale yale. Ofisi yake ilikuwa chumba kidogo kilichotengwa kwa mbao ndani ya godauni, na ndani yake mlikuwa na kiti kimoja cha mgeni.

"Karibu, mzee. Keti. Fartun, mletee mzee chai."

Duba akaketi. Mumina na Nuria wakasimama nyuma yake. Chai ikaja, akaishika asiinywe.

"Mimi nakuja sababu ya mtoto," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mtoto mgonjwa. Kazi yako nakula kidole yake."

"Pole sana, mzee. Nimeambiwa. Lakini tuelewane. Mimi sikuajiri mtoto. Mimi nimemwajiri mama. Watoto wanawafuata mama zao, nami siwezi kumfukuza mtoto kwa mama yake. Nikiwapa shilingi ishirini jioni, ni ya sukari tu, si mshahara."

"Yeye nakaa kwa mashine yako."

"Kadi ya zahanati mnayo?"

Mumina akaitoa kifuani, akampa. Jairus akaisoma kimya, kisha akaiweka mezani na kuigeuza iwaelekee wao, ingawa alijua kwamba watu wazima wale wawili hawakujua kusoma.

"Hapa pameandikwa nyumbani."

Duba akageuka kumtazama mkewe. Akamuuliza kwa Kiorma, "Nani alisema nyumbani?"

"Mimi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu asichokusudia kununua. Hakumuuliza kwa nini. Mumina alikuwa amejiandaa kwa hasira yake. Alipoona haiji, hakujua afanye nini na mikono yake, akaanza kumtoa Nuria nyuzi begani.

"Hata hivyo," Jairus alisema, "mimi pia ni mzazi. Nitawasaidia nauli ya kwenda na kurudi Hola, na kitu kidogo cha hospitali. Ila tuandikishane, ili msaada usije ukaitwa jina lingine."

Akaandika kwa muda mrefu, kwa mwandiko mzuri wa ukarani. Duba alingoja kalamu isimame.

"Karatasi nasema nini?"

"Inasema umepokea msaada."

"Mtoto asome."

Jairus alisita kidogo. Lakini hakuwa na sababu ya kukataa ambayo angeweza kuitamka, akaisukuma karatasi mbele. Nuria akaichukua kwa mkono wa kulia. Akanyoosha mgongo, akaweka miguu pamoja jinsi alivyofundishwa, akasoma kwa sauti ya darasani, ile sauti isiyopanda wala kushuka.

"'Mimi Duba, mkazi wa Garsen, nakiri kwamba binti yangu Nuria si mfanyakazi wa Bwana Jairus, na hajawahi kuwa mfanyakazi wake. Aliumia nyumbani akichezea sindano. Nimepokea msaada kwa hiari yake. Sina dai lolote, leo wala siku za usoni.'"

"Nakiri ni nini?" Duba aliuliza.

Nuria hakujua. Akamtazama Jairus, kama mtoto anavyomtazama mwalimu.

"Ni kusema ukweli," Jairus alisema. Kisha, na huenda alimaanisha, akaongeza, "Umesoma vizuri sana. Uko darasa la ngapi?"

"Niliacha la nne."

Nje, cherehani saba zilikuwa zinakwenda. Duba alikitazama kidole cha mwanawe kilichofungwa kitambaa, akaitazama chai yake ambayo ilikuwa imeanza kutanda utando. Fartun akaleta kidau cha wino wa mhuri. Duba akatoa kidole gumba, akabonyeza pale alipoonyeshwa, mara moja, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Jairus akampa kipande cha kitambaa cheupe ajifute. Hakukipokea. Alijifutia kwenye shuka lake mwenyewe.

* * *

Walikwenda Hola juu ya lori la mizigo, mama na binti, katikati ya magunia ya sukari. Barabara ilikuwa bado haijapona mafuriko, na dereva alitambaa kutoka shimo hadi shimo. Nuria alikaa ameuweka mkono kifuani kama anayebeba yai. Kisha, bila kumtazama mama yake, akasema:

"Mama, nilikuita."

"Nilisikia."

"Niliita mara moja tu. Nikadhani hukusikia, ndiyo nikanyamaza."

"Nilisikia, Nuria."

Mtoto akalifikiria jibu hilo. Lori likaingia shimoni likatoka. "Yalikuwa yamebaki matundu mangapi?"

"Moja. Nusu ya moja."

Nuria akaitikia kwa kichwa. Aliijua kazi, alijua nusu ya tundu maana yake nini. Halafu akaomba maji. Mumina alingoja machozi yake mwenyewe, kwani alihisi mahali hapo ndipo yanapotakiwa, lakini hayakuja. Akafungua chupa, akamshikilia mwanawe anywe.

Hospitalini Nuria alipigwa picha, wakaonyeshwa kipande cha sindano kikiwa cheupe ndani ya mfupa wenye wingu. Daktari alieleza kwamba mfupa umeoza na kwamba wakichelewa uozo utapanda mkononi. Kesho yake kidole kilikatwa kwenye kiungo cha pili. Nuria alipozinduka aliuliza kama amelia. Aliambiwa hapana. Alionekana kuridhika.

Siku ya kubadilisha bandeji, sista aliyekuwa akimhudumia aliugeuza ule mkono, kisha akaomba na wa kulia. Akavitazama vidole vyote kimoja kimoja. Kila ncha ilikuwa na vidoti vyeusi, vingi, vya zamani na vipya.

"Mama, nyumbani mna cherehani?"

Mumina alikuwa hajalala vizuri siku nne. "Hatuna," alisema.

Sista akaitazama kadi, halafu akamtazama yeye. "Sasa sindano iliyomchoma ni ya nani?"

Mumina akamvutia Nuria shuka. Sista hakumsonga. Alimaliza kufunga bandeji, akanawa mikono, akaenda kuandika kitu kwenye karatasi nyingine ambayo haikuwa ya hospitali.

* * *

Afisa wa kazi alifika Garsen wiki mbili baadaye, asubuhi, kwa gari la serikali lenye vumbi mpaka kwenye vioo. Jina lake Chengo, Mgiriama bado kijana, mwenye faili jipya kwapani, ndani yake barua ya yule sista wa Hola. Gari lilipozimwa mbele ya godauni, Fartun alikuwa tayari ameinua bati moja la ukuta wa nyuma. Watoto wakatoka. Hawakukimbia. Walikwenda mmoja nyuma ya mwingine, mkubwa kamshika mdogo mkono, mpaka wakamezwa na vichaka vya miba vya mathenge vilivyoota nyuma ya godauni tangu maji yapungue. Mumina aliyaona hayo yote kutoka mkekani, mkononi ana shati. Alikuwa amerudi kazini tangu siku ya pili baada ya Hola. Nuria alikuwa nyumbani.

Chengo alipoingia alikuta wanawake tisa na vigoda kumi na sita vidogo.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya kuwekea nguo," Fartun alisema.

Jairus akaleta daftari lake, likakaguliwa, kisha akaleta ile karatasi yenye alama ya kidole gumba. Chengo akaisoma mara mbili. Akauliza ni nani kati yao aitwaye Mumina, akamtoa nje, wakasimama kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta.

"Mama, mimi sikuja kumkamata mtu leo. Nijibu tu. Mtoto wako aliumia wapi?"

Kutoka pale aliposimama, Mumina aliweza kuona ndani ya miba kipande cha kanga nyekundu, kimetulia tuli. Baadaye wanawake wenzake walisema alifanya vile kwa hasira, na wengine wakasema alikuwa ameahidiwa kitu. Haikuwa hivyo. Kusema uongo nako ni kazi, na siku hiyo hakuwa na nguvu ya kazi ya pili.

"Hapa," alisema. "Cherehani ya tatu kutoka mlangoni."

"Wako wangapi watoto?"

"Walikuwa kumi na sita. Sasa kumi na watano."

"Wako wapi?"

Akaelekeza kwa kidevu.

Chengo akaenda mwenyewe kuwaita. Iliwachukua muda kutoka, kwa sababu ya miba na kwa sababu hawakujua kama waamini. Akawaandika majina, akawaambia waende nyumbani, na shule ikifunguliwa waende shule. Mbele ya watu wote akamwambia Jairus kwamba akikuta mtoto hata mmoja mle ndani, mlango utafungwa kwa kufuli ya serikali. Kisha akamshika Mumina mkono kwa mikono yake miwili.

"Umefanya jambo kubwa, mama."

"Na kidole?" Mumina aliuliza.

Chengo akatazama faili. "Ile karatasi aliyotia mzee kidole gumba imetufunga. Nitajaribu. Siwezi kukuahidi." Akapanda gari, kwani Hola ni mbali na barabara ni ile.

Jairus hakupaza sauti. Aliwaambia wanawake kwamba bila mikono ya watoto hawezi kumaliza kazi kwa njia ile, na kama hawezi, mkekani hana haja na mtu. "Nendeni nyumbani mkapumzike," alisema, kama vile ni ruhusa waliyoiomba.

Njiani Bishara, jirani wa Mumina, ambaye nyumba zao zilipakana, alitangulia mbele bila neno. Watoto wake wawili walikuwa miongoni mwa wale waliotoka mibani. Walipofika penye njia panda aligeuka.

"Wako alikatwa kidole," alisema. "Wangu sasa wakatwe nini?"

Akaingia kwake.

* * *

Siku nne zilipita. Katika siku hizo walikula uji, kisha uji mwepesi zaidi. Adan, mdogo wa Nuria, aliacha kuuliza kama kuna kingine. Hakuna jirani aliyemwitikia Mumina salamu kisimani, naye hakulaumu mtu. Alijaza dumu lake akarudi.

Siku ya tano Fartun alikuja na mkokoteni. Aliyeusukuma ni Baya, mchukuzi wa sokoni, na juu yake palikuwa na cherehani iliyofungwa kamba na marobota mawili ya vitambaa vilivyokwisha katwa. Fartun akakaa kwanza, akapumua.

"Bado mia sita," alisema. "Januari haingoji mtu. Jairus anagawa mashine kwa nyumba. Uzi wako, mafuta yako, sindano yako. Kila shati anatoa shilingi mbili chini ya zamani."

"Na yule afisa?"

"Afisa ni wa godauni. Hapa kwako. Mtoto wako, chungu chako. Nani ataingia kwa mtu amuulize mtoto wake anafanya nini?"

"Kwa nini mniletee mimi? Mimi ndiye niliyesema."

Fartun akajifuta jasho kwa mtandio. Hakuwa na furaha usoni, wala kisasi. "Jairus anasema wewe ndiye wa kuaminiwa kuliko wote sasa. Mtu hajishtaki."

Duba alikuwa ameketi upande wa pili wa nyumba na alisikia kila neno. Mumina alingoja aseme jambo, hapana au ndiyo. Baya alipomaliza kushusha mzigo, Duba akainuka, akachukua panga, akaenda vichakani. Alirudi na miti sita ya mathenge, mikono imechanwachanwa. Nyumba yao ya mikeka ilikuwa ya giza na ya kuinama, cherehani isingefaa ndani. Akajenga kibanda nyuma ya nyumba, akatandika juu yake lile turubai la msaada walilopewa wakati wa maji. Upande unaotazama barabara aliuziba kwa matawi mpaka usionekane ndani. Hakuna aliyemwomba auzibe.

Nuria ndiye aliyekaa kwenye cherehani, kwani mama yake hakuwahi kujifunza. Siku ya kwanza kitambaa kilimponyoka, kigutu kilikuwa bado laini na alikikwepesha kila mara. Siku ya pili alijifunza kukandamizia kwa kidole cha kati. Mumina alikaa kando yake na matundu ya vifungo. Mara moja alimwambia apumzike. Nuria akajibu, bila kusimamisha miguu, "Tumalize kwanza hili robota."

Walipata mashati sita kwa siku. Fartun alitaka kumi na tano. Alikuja siku ya tatu, akayahesabu kwa macho tu, akasema kwamba Jumamosi isipotimia, mashine itahamia kwa mwingine, kwani wanaoitaka ni wengi.

Ramadhani ikaingia. Siku ya pili ya mfungo, asubuhi, Bishara alikuja akasimama penye kona ya nyumba, mbali kidogo, na binti yake mdogo Ruwaida mbele yake. Hawakuwa wamesemeshana tangu ile njia panda.

"Salaam aleikum," Bishara alisema.

"Aleikum salaam. Karibu."

"Sikai." Akakitazama kibanda, turubai, marobota. "Mimi sina mashine. Nimesikia unahitaji mikono."

Mumina akaliweka shati chini. "Nitampa shilingi kumi na tano."

"Kule alikuwa anapata ishirini."

"Kule uzi haukuwa wangu."

Bishara akamvua mwanawe mtandio uliokuwa ukiburura, akamfunga vizuri nyuma ya shingo usije ukanasa kwenye gurudumu.

"Sawa," alisema, akaondoka bila kuaga.

Mtoto alibaki amesimama. Mumina akamwonyesha pa kukaa mkekani, mkono wa kushoto wa Nuria, mbali na upenyo wa matawi. Nuria alisogeza mguu kumpisha.

"Una miaka mingapi?" Mumina alimuuliza.

"Tisa."

"Mtu akikuuliza, una kumi na nne. Na mimi ni shangazi yako."

"Ndiyo, shangazi," Ruwaida alisema, akaomba sindano.

Mumina akampimia uzi, akaukata, akampa.